Mgonjwa Naye Ana Mkono wa Kutoa

Katika nchi yetu, mtu akipatwa na maradhi mazito, ndugu na majirani huitisha harambee. Ni desturi njema, nami nimenufaika nayo tangu figo zangu zilipoacha kufanya kazi. Hata hivyo, desturi hiyo ina upande usiotajwa: humfanya mgonjwa kuwa mpokeaji siku zote, kana kwamba maradhi yamemvua uwezo wa kumfaa mwenziwe. Fikira hiyo naipinga.

Mara mbili kwa juma mimi husafishwa damu kwa mashine, kila mara kwa muda wa saa 4 hivi. Miongoni mwa wagonjwa wenzangu wamo ambao shida yao si gharama ya matibabu pekee, bali pia nauli ya kuyafikia. Ndipo nilipoamua kupiga picha za nyota, kuzichapisha na kuziuza, ili pato lote liingie katika mfuko wa nauli yao.

Kwa nini nyota? Kazi hii haihitaji nguvu. Mkono wenye mshipa wa kusafishia damu haufai kubebeshwa mizigo, lakini kamera ndogo juu ya stendi ya miguu mitatu hainielemei. Tena usingizi ukinikimbia, usiku haupotei bure.

Walimu wa sayansi watanielewa. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, hivyo kamera ikiachwa wazi kwa muda mrefu, nyota huonekana kama mistari. Kwa sababu hiyo mimi hupiga picha nyingi za sekunde 15 kila moja. Picha moja peke yake ni hafifu, imejaa chengachenga. Zikiunganishwa picha 100 kwa kompyuta, chenga hizo hupungua hadi sehemu moja ya kumi, na yaliyofichika hudhihirika. Naam, haba na haba hujaza kibaba, wala si katika fedha tu.

Picha ninayoienzi zaidi ni ya Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa kale walilitazama ili kujua majira. Nuru yake husafiri takriban miaka 440 kabla ya kutufikia. Basi ile iliyoingia katika kamera yangu iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Nikiitafakari, sioni kwa nini manufaa ya mtu yapimwe kwa wingi wa siku alizobakiza.

Fedha zipatikanazo si nyingi. Lakini mgonjwa mmoja akiifikia mashine kwa nauli hiyo, kazi yangu imezaa.

Enyi walimu na wanafunzi, mkimzuru mwenzenu anayeugua, mpelekeeni pole na mchango wenu. Kisha mwulizeni ni jambo gani angependa kuwafanyia wengine. Asiyeweza kutembea huenda akaweza kumfundisha mdogo wake hesabu akiwa kitandani. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza: wala usambe ni afya.