Sijala, Nichome ya Nini?

Swali hilo hulisikia sana kliniki ya kisukari, na uzito wake niliuona vizuri zaidi wakati wa korona. Mgonjwa yuko siku ya tatu ya homa, chakula hakipiti, hata uji anautapika. Anajiambia kwamba sindano ya insulini ni ya kushusha sukari ya chakula, na kwa kuwa hajala, akichoma ataanguka. Hoja yake inaeleweka kabisa. Ndiyo maana inaua.

Mwili unaopigana na maambukizi huzalisha sukari wenyewe. Tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli na adrenalini, na ini hutoa sukari liliyoiweka akiba na kutengeneza nyingine, hata kama jikoni hakujainjikwa sufuria tangu jana. Homoni hizo hizo huifanya misuli iwe nzito kuitikia insulini. Kwa asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini, mambo yakatulia. Mwenye kisukari, hasa cha aina ya kwanza, hana wa kumwongezea ila ile sindano anayotaka kuiacha. Insulini ikikosekana, mwili huanza kuchoma mafuta, ketoni hujaa na damu hugeuka asidi. Hapo huja kiu, kutapika, maumivu ya tumbo na pumzi nzito za haraka. Katika siku za korona familia ziliiona pumzi hiyo na kusema ni mapafu. Walihangaika kutafuta oksijeni, na hakuna aliyetoboa kidole kupima sukari.

Uingereza, kati ya Machi na Mei 2020, karibu theluthi moja ya waliofia hospitalini kwa korona walikuwa na kisukari. Barani kwetu, Shirika la Afya Duniani lilichambua takwimu za nchi 13 na kutangaza mwaka 2021 kwamba wenye kisukari walioambukizwa walikufa kwa asilimia 10.2, ilhali kwa wagonjwa wote kiwango kilikuwa asilimia 2.5. Hapa tunazungumzia ukali wa ugonjwa baada ya kuambukizwa. Sukari iliyokaa juu hulegeza chembe nyeupe za damu, na damu huganda upesi kwenye mishipa iliyokwisha kuumia. Wengi wana presha na figo dhaifu juu ya hayo.

Tiba nayo ina gharama yake. Juni 2020 watafiti wa Oxford walionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliopumulia mashine. Ni dawa njema kwa mgonjwa mahututi, lakini hupandisha sukari sana. India mwaka 2021 yalilipuka maambukizi ya fangasi weusi wanaokula pua na macho, na wengi walioshikwa walikuwa na kisukari kisichodhibitiwa na walikuwa wametumia dawa za jamii ya deksamethasoni. Kwa hiyo naomba, usinunue dawa hizi duka la dawa kwa ushauri wa jirani.

Tulivyojifukiza nyungu na kunywa chai za nyumbani mwaka 2020! Sina ugomvi na tangawizi na limao, ila asali inayotiwa humo ni sukari, na vikombe vitano kwa siku vinaonekana kwenye kipimo. Kuhusu nyungu, mwenye ganzi miguuni akiweka sufuria ya moto karibu na nyayo anaweza kuungua asijue mpaka aone malengelenge.

Ukiugua, pima sukari kila baada ya saa nne hivi, usiku pia. Insulini ya muda mrefu usiiache. Mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa. Kunywa maji kidogo kidogo, na sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L kunywa soda au juisi. Kwa vidonge hesabu ni nyingine: ukitapika au kuharisha, metformini husimamishwa kwa muda, na dapagliflozini au empagliflozini vilevile, kwa kuwa hizi mbili zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana. Mpigie daktari wako siku hiyo hiyo. Ukitapika mfululizo, ukipumua kwa shida, au sukari ikikataa kushuka chini ya 15 mmol/L, nenda hospitali na sindano zako mkononi.

Kliniki ijayo, ukiwa mzima, muulize mhudumu wako: nikishikwa na homa na siwezi kula, nichome kiasi gani? Mwombe akuandikie jibu kwenye kadi, kisha mwonyeshe mtu unayeishi naye mahali unapoiweka.