Figo, Potasiamu na Moyo wa Mzee

Katika miji yetu ya pwani, mgeni aliyechoka kwa jua hukaribishwa kwa dafu. Watu wengi husadiki ya kuwa maji yake husafisha figo. Kwa kijana mwenye afya kinywaji hiki hakina ubaya. Lakini kwa mzee ambaye figo zake zimedhoofika, madafu mawili matatu kwa siku yaweza kuuhatarisha moyo. Sababu ni madini yaitwayo potasiamu: kikombe kimoja cha maji ya dafu huwa na miligramu 400 hadi 600 hivi.

Potasiamu si sumu. Bila hiyo hatuwezi kuishi. Karibu asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli, hasa za misuli, ambamo kiwango chake hufikia milimoli 140 hivi kwa lita. Katika damu mna milimoli 3.5 hadi 5 tu. Tofauti hiyo hudumishwa na pampu ndogo zilizomo katika utando wa seli, ambazo hutoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Mtaalamu wa Denmark, Jens Skou, alizieleza mwaka 1957, na mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tofauti hiyo ndiyo iwezeshayo moyo kupiga kwa utaratibu. Potasiamu ikizidi katika damu, umeme wa moyo huvurugika, na moyo waweza kusimama ghafla, pengine bila dalili ya kutangulia ila ulegevu wa misuli.

Ni nani basi mlinzi wa kiwango hicho? Ni figo. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji, na karibu yote hurudishwa katika damu. Mwishoni mwa mirija ya nefroni, homoni iitwayo aldosteroni huamuru potasiamu iliyozidi itolewe katika mkojo. Kwa njia hii hutoka karibu asilimia 90 ya potasiamu tunayoila.

Baada ya umri wa miaka 40, uwezo wa kuchuja hupungua polepole kwa watu wengi. Kisukari na shinikizo la damu huharakisha upungufu huo. Tena kipimo cha kreatinini chaweza kutudanganya. Kreatinini hutokana na misuli. Mzee aliyekonda huitengeneza kidogo, hivyo majibu yake huonekana mazuri ingawa figo zimechoka. Ndiyo maana daktari hupiga hesabu yenye kuzingatia umri.

Hatari huongezeka dawa zinapokutana. Enalaprili na losatani, zinazotumiwa kushusha shinikizo la damu, hupunguza kazi ya aldosteroni. Spironolaktoni huizuia. Mzee atumiaye mojawapo akinunua diklofenaki kwa ajili ya magoti yake, damu iendayo kwenye figo hupungua, na potasiamu hubaki mwilini. Hata hivyo, asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana dawa hizo huulinda moyo na figo. Apimwe damu, na daktari aamue.

Aliyekwisha kuambiwa kwamba potasiamu yake imezidi aweza kusaidiwa jikoni. Potasiamu huyeyuka katika maji. Viazi vikikatwa vipande vidogo, vikachemshwa katika maji mengi, na maji hayo yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka. Ajihadhari pia na chumvi mbadala, kwani nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu.

Mwanafunzi anayejifunza habari za nefroni darasani asiiache elimu hiyo katika daftari. Aendapo nyumbani wakati wa likizo, amwulize bibi yake anameza dawa gani za shinikizo, anatuliza maumivu kwa dawa gani, na figo zake zilipimwa lini.