Sheria za Mwendo: Kwa Nini Abiria Huenda Mbele Basi Linapofunga Breki?

Isaac Newton alichapisha sheria tatu za mwendo mwaka 1687. Katika mtihani haitoshi kuzikariri. Mara nyingi utapewa tukio na kutakiwa ulieleze. Tuchukue tukio moja: basi linafunga breki ghafla na abiria wanakwenda mbele.

Sheria ya kwanza

Kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea katika mstari mnyoofu kwa kasi ileile, mpaka kani isiyosawazishwa ikibadilishe.

Usiandike kwamba abiria "alisukumwa mbele". Jiulize: nani alimsukuma? Hakuna. Breki zilipunguza mwendo wa basi, lakini msuguano wa kiti haukutosha kumpunguzia yeye mwendo kwa kiasi hicho hicho. Mwili wake ukaendelea na mwendo wake wa awali. Tabia hii ya kitu kupinga mabadiliko ya mwendo huitwa inesha. Tungamo likiwa kubwa, inesha nayo huwa kubwa.

Sheria ya pili

Jumla ya kani = tungamo × mchapuko, yaani F = ma.

*Mfano.* Abiria wa kg 60 yumo katika gari linalokwenda km 72 kwa saa. Gari linagonga ukuta. Tafuta kani ya wastani inayomsimamisha ikiwa:
(a) mkanda unamsimamisha kwa sekunde 0.2;
(b) hakufunga mkanda, akasimamishwa na dashibodi kwa sekunde 0.02.

*Jibu.* Badili kasi kwanza: 72 × 1000 ÷ 3600 = 20 m/s.
(a) Upungufu wa kasi kwa sekunde = 20 ÷ 0.2 = 100 m/s². F = 60 × 100 = N 6,000.
(b) 20 ÷ 0.02 = 1,000 m/s². F = 60 × 1,000 = N 60,000.

Kani zote mbili zinaelekea nyuma, kinyume cha mwendo.

Linganisha majibu. N 60,000 ni sawa na uzito wa mzigo wa tani 6. Katika hali zote mbili kasi imeshuka kutoka 20 m/s hadi sifuri. Kilichotofautiana ni muda. Mkanda huokoa maisha kwa kurefusha muda wa kusimama, na pia kwa kuisambaza kani kifuani na nyongani.

Sheria ya tatu

Kwa kila kani kuna kani nyingine iliyo sawa nayo kwa ukubwa na iliyo kinyume kwa mwelekeo. Mkanda unamvuta abiria nyuma kwa N 6,000. Abiria anauvuta mkanda mbele kwa N 6,000.

Angalizo: Kani hizi mbili hazifutani, kwa sababu kila moja inatenda katika kitu chake. Kani hufutana pale tu zinapotenda katika kitu kimoja.

Jipime

1. Mkokoteni wa kg 40 unasukumwa kwa kani ya N 100. Msuguano ni N 20. Tafuta mchapuko.
2. Yai likianguka sakafuni huvunjika, lakini likianguka kwenye godoro kutoka kimo hicho hicho huweza kupona. Eleza.

Majibu

1. (100 − 20) ÷ 40 = 2 m/s².
2. Godoro hubonyea na kurefusha muda wa yai kusimama, hivyo kani inayolisimamisha hupungua.