Picha ya Jambo Ambalo Halikutokea

Mwaka 2002 watafiti wa saikolojia wa New Zealand na Canada, wakiongozwa na Kimberley Wade, walichapisha jaribio ambalo kila anayetuma picha kwenye simu angefaa kulijua. Walichukua watu 20, kisha wakawaomba ndugu zao, kwa siri, watoe picha za utotoni za watu hao. Kwa kompyuta, wakamtoa mtoto kwenye picha halisi na kumweka ndani ya kikapu cha puto kubwa la hewa moto, lile linalopaa na abiria. Ndugu walikuwa wamethibitisha kwamba mtoto huyo hakuwahi kupanda puto. Kila mhusika akaonyeshwa picha hiyo ikiwa katikati ya picha tatu za kweli, akaulizwa anakumbuka nini.

Mwanzoni wengi hawakukumbuka kitu. Waliombwa watulie dakika chache kila usiku na kujaribu kukumbuka, na katika muda wa wiki moja hadi mbili hivi wakahojiwa mara tatu. Kufikia mahojiano ya mwisho, nusu yao walisimulia safari hiyo, ama kwa ukamilifu ama kwa vipande. Mmoja alisema huenda ilikuwa Jumamosi, kwamba ulikuwa unalipa kama dola 10 unapandishwa mita 20 na kitu, na kwamba ana hakika mama yake alibaki chini akipiga picha. Huyu hakuwa akidanganya. Alikuwa anakumbuka, kama wewe na mimi tunavyokumbuka.

Hapo ndipo ninapoona mjadala wetu kuhusu picha za kughushi unapotea njia. Tunauliza: je, mtu anaweza kuitambua picha bandia anapoiona? Swali hilo ni la haki, lakini dakika ile ya kutazama si dakika ya hatari zaidi. Hatari iko baadaye. Kumbukumbu hujengwa upya kila tunapoiita, na katika kujengwa huko, sura ya jambo hudumu kuliko habari ya wapi tuliiona. Baada ya miezi mitatu mtu anakumbuka umati, moshi na askari. Hakumbuki tena kama aliviona kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Mambo ya umma nayo hayasalimiki. Nchini Italia, Dario Sacchi, Franca Agnoli na Elizabeth Loftus waliwaonyesha watu 299 picha za matukio mawili yanayojulikana: maandamano ya Tiananmen ya 1989 na maandamano ya Roma ya 2003 dhidi ya vita vya Iraq. Baadhi ya picha zilichezewa. Katika ile ya Roma, iliyokuwa ya amani, waliongezwa polisi wenye vifaa vya kuzuia ghasia na mwandamanaji aliyeziba uso. Walioiona hiyo waliyakumbuka maandamano kuwa ya fujo na uharibifu mkubwa zaidi. Isitoshe, walisema wasingependa sana kushiriki maandamano ya baadaye. Picha moja ilifika mpaka kwenye uamuzi wa raia kutoka nyumbani au kubaki.

Wade na mwenzake Maryanne Garry walilirudia jaribio la puto, safari hii wakilinganisha picha na simulizi fupi ya maandishi. Simulizi ilizaa kumbukumbu za uongo nyingi kuliko picha. Picha humpa mtu nguo, rangi na mahali palipokwisha kupangwa. Maneno humwachia nafasi ya kujaza ya kwake. Kwa hiyo maneno yanayoandamana na picha yana kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Ndiyo sababu mzushi hahitaji akili mnemba. Anachukua picha ya kweli ya mwaka mwingine, nchi nyingine, anaipa maelezo mapya, basi. Kenya iliona urahisi huo kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, video zenye nembo za CNN na BBC zilipozunguka zikidai kuripoti kura za maoni. Mashirika hayo yakazikana. Nembo inayoaminika ilitosha.

Upande wa pili wa madhara hutajwa mara chache, nao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Oktoba 2018 Rais Ali Bongo wa Gabon aliugua akiwa Saudi Arabia, na kwa muda mrefu wananchi hawakuelezwa vizuri hali yake. Mwaka mpya ulipoingia, ilitolewa video ya hotuba yake. Uso ulikuwa mkavu, macho hayapepesi kama kawaida. Wapinzani wakasema imetengenezwa na kompyuta. Januari 7, 2019 kundi la wanajeshi lilivamia redio ya taifa mjini Libreville, likasema hotuba ile imezidisha shaka kuhusu uwezo wa rais kutawala. Jaribio hilo la mapinduzi lilizimwa siku hiyohiyo. Wachunguzi walioichambua video baadaye hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa. Bongo alikuwa amepata kiharusi, nacho kinaweza kabisa kuubadilisha uso wa mtu namna ile. Wanasheria wa Marekani Bobby Chesney na Danielle Citron walikwisha kuonya kuhusu hali hii: watu wakishajua kwamba video yoyote yaweza kughushiwa, mkosaji aliyenaswa na kamera ya kweli naye hupata pa kujifichia. Mwathirika mwenye ushahidi halisi mkononi anaambiwa, hiyo umeitengeneza.

Vyumba vya habari vina desturi ya kukanusha kwa kuirudisha picha ileile, kubwa, ikiwa imepigwa muhuri mwekundu wa UONGO. Sikubaliani nayo. Jambo likionekana mara kwa mara huzoeleka, na kilichozoeleka huaminika kirahisi. Muhuri husahaulika, picha ikabaki. Anza na kilichotokea kweli, kwa picha yake halisi, na ya kughushi iwe ndogo pembeni. Kwenye kundi la simu vivyo hivyo: usiishie kusema "hii ni feki". Kamwambie shangazi aliyetuma picha ya mafuriko, palepale alipoituma, kwamba mafuriko hayo ni ya Beira, Msumbiji, Machi 2019, baada ya Kimbunga Idai, na si ya mtaani kwenu wiki hii. Ukimpa mahali na mwaka, akili yake inapata cha kushika badala ya kile ulichomnyang'anya.