Fedha Haina Kinywa: Ushahidi wa Mahakamani Katika Kesi ya Meli Tatu, London, 1652–1654

Neno fedha katika Kiswahili hubeba maana mbili kwa pamoja: madini meupe yachimbwayo ardhini, na pesa zitumiwazo sokoni. Mfanyabiashara wa Ulaya wa karne ya 17 asingeona ajabu yoyote katika jambo hili, maana kwake sarafu ilikuwa ni madini yaliyopimwa na kupigwa chapa, na thamani yake ilikuwa katika uzito. Hata hivyo, madini haya yana tabia moja inayowasumbua mahakimu: huyeyuka. Ng'ombe aliyeibwa hutambuliwa kwa rangi na chapa yake. Robota la nguo hutambuliwa kwa alama ya mwenyewe. Fedha ikishatiwa kalibuni haina kwao. Kwa hivyo, panapozuka mzozo kuhusu fedha iliyokamatwa baharini, jibu la swali la mwenyewe halitoki kwenye fedha. Hutoka vinywani mwa watu, na hupita njia ndefu kabla ya kumfikia hakimu.

Makala haya yanachunguza kesi moja ya namna hiyo, ile ya meli zilizojulikana London kwa majina ya Samson, Salvador na George. Wanahistoria wameishughulikia kwa ajili ya habari zake za vita na biashara. Hapa inatazamwa kwa jicho ambalo mwanafunzi wa fasihi amelizoea: ni nani anayesema, anamwambia nani, na maneno yake yamepita mikononi mwa nani?

Usuli wa kesi ni huu. Baada ya kugunduliwa kwa machimbo ya Potosí mwaka wa 1545, katika nchi iitwayo leo Bolivia, fedha nyingi ilivushwa Atlantiki hadi Sevilla na Cádiz. Haikukaa Hispania. Mfalme alikuwa na majeshi ya kulipwa huko Flanders na vita dhidi ya Ufaransa vilivyoendelea hadi 1659. Wafanyabiashara nao walikuwa na madeni na bidhaa za kununua Antwerp na Amsterdam. Mkataba wa Münster wa 1648 uliwapatanisha Wahispania na Waholanzi, na vyombo vya Waholanzi vikapata nafasi kubwa ya kubeba mali ya Hispania. Kisha, mwaka wa 1652, vita vikazuka baina ya Uholanzi na Uingereza. Uingereza ya wakati huo haikuwa na mfalme. Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa mwaka wa 1649 na nchi ikajitangaza kuwa jamhuri. Hispania ilikuwa imeitambua jamhuri hiyo na balozi wake, Alonso de Cárdenas, alikuwa London. Hivyo Hispania ilikuwa na amani na pande zote mbili, lakini fedha yake ilipaswa kupita katikati ya manowari zao.

Meli hizo tatu zilitoka Cádiz zikielekea kaskazini. Zilikamatwa na Waingereza mwaka wa 1652, zikapelekwa London, na shauri likafunguliwa katika Mahakama Kuu ya Mambo ya Bahari. Waliozidai walisema kwamba si meli za Uholanzi bali za miji ya biashara ya Wajerumani wa kaskazini, kama vile Hamburg na Lübeck, ambayo haikuwa na upande vitani. Kuhusu fedha, ilidaiwa kuwa ni mali ya raia wa Hispania na wa nchi nyingine rafiki. Upande wa serikali ulishuku kwamba nyuma ya majina hayo walikuwapo wafanyabiashara wa Amsterdam.

Mtu asidhani kwamba swali lilikuwa moja. Desturi ya bahari iliyofuatwa kwa karne nyingi ilitenganisha chombo na shehena: mali ya adui ilihesabiwa kuwa ngawira hata ikiwa ndani ya chombo cha rafiki, na mali ya rafiki ilistahili kurudishwa hata ikipatikana ndani ya chombo cha adui. Kwa hivyo kila mfuko wa sarafu na kila mkuo wa fedha ulihitaji hadithi yake. Mwenye chombo alidai chombo, nahodha alidai nauli, baharia alidai mshahara, na wenye mifuko, waliokuwa wengi na waliotawanyika katika miji mbalimbali, walituma mawakili kudai mifuko. Jamhuri yenyewe ilikuwa vitani, na mabaharia wake walisubiri malipo. Fedha ile ilihitajiwa na kila mtu.

Je, karatasi hazikutosha? Nahodha alipopakia mali alitia sahihi hati ya shehena, kwa kawaida nakala kadhaa, na pembeni mwa hati ikachorwa alama ileile iliyotiwa kwenye mfuko. Jambo hili lingemaliza kesi kama karatasi za Cádiz zingekuwa karatasi za kweli. Sheria ya Hispania iliwazuia wageni kufanya biashara ya moja kwa moja na makoloni ya Marekani, na ilikataza kutoa fedha nchini bila kibali. Wageni waliikwepa sheria hiyo kwa kuazima majina: Mhispania alitia jina lake katika hati, na mgeni akabaki nyuma yake kama mwenye mali halisi. Kwa miaka mingi hila hii iliwanufaisha wote. Lakini meli ilipokamatwa na kuletwa London, mwenye mali alijikuta ameshikwa na mtego alioutega mwenyewe. Akithibitisha kwamba jina katika hati ni la kuazima, amekiri udanganyifu. Akinyamaza, mali ni ya mwingine. Na mahakama, ikijua desturi hiyo, ilikuwa na haki ya kuishuku hata hati iliyokuwa ya kweli.

Hata chapa ya sarafu haikuaminika kabisa katika miaka hiyo. Kiwanda cha sarafu cha Potosí kilikuwa kimekumbwa na kashfa kubwa ya kupunguza kiwango cha fedha katika sarafu, na Francisco Gómez de la Rocha, mmoja wa matajiri waliohusishwa nayo, aliuawa kwa hukumu mwaka wa 1650. Sarafu hizi ndizo zilizoitwa reale za nane. Neno hilo si geni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani reale ilivuka pia Bahari ya Hindi, na pwani ya Afrika Mashariki ikalitumia jina lake kwa sarafu kubwa za fedha hata zisizo za Hispania.

Kwa vile hati zilishukiwa na chapa zilishukiwa, mahakama iligeukia viapo. Hapa ndipo matini yanapoanza kuvutia. Msomaji aliyezoea kesi za tamthilia na filamu, ambamo shahidi husimama kizimbani mbele ya umati na kubanwa na wakili hadi atoe jasho, aisahau picha hiyo. Mahakama ya bahari ilifuata taratibu za sheria ya Kirumi. Hapakuwa na baraza la wazee wa mahakama katika madai ya namna hii. Mawakili waliandika madai yao katika vipengele vyenye nambari; upande wa pili nao ukaandika maswali yake. Shahidi aliapishwa, kisha akahojiwa faraghani, peke yake, na afisa wa mahakama. Karani aliandika. Hakimu alikuja kutoa uamuzi kwa kusoma kilichoandikwa, si kwa kuutazama uso wa msemaji.

Ushahidi huanza kwa kumtambulisha mtu: jina, makao, kazi, na umri wa kukadiria. Baada ya hapo mtu huyo hupoteza nafsi yake ya kwanza. Hasemi "mimi niliona". Imeandikwa kwamba shahidi huyu asema aliona. Kwa istilahi za darasani, usemi halisi umegeuzwa kuwa usemi wa taarifa, na mgeuzaji ni karani. Isitoshe, mabaharia wengi waliohojiwa katika mahakama hiyo hawakujua Kiingereza. Baharia wa bandari za Kaskazini alisema Kiholanzi au Kijerumani cha pwani, mkalimani aliyeapishwa akageuza, karani akayaingiza maneno hayo katika sentensi ndefu za kisheria zenye "aliyetajwa" na "iliyokwisha kutajwa". Mwishoni alisomewa na kuulizwa kama ndivyo alivyosema. Fanani ni mmoja, lakini waliochangia utungo wake ni watatu au wanne.

Pana wanaohitimisha kutokana na hali hii kwamba sauti ya baharia imepotea kabisa. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Karani alibanwa na sheria kutenganisha viwango vya ujuzi, na utengano huo unamfaa mtafiti hadi leo. Kuna yale ambayo shahidi aliyaona kwa macho. Kuna aliyoyasikia kwa watu wa kuaminika. Kuna anayoyaamini tu. Na kuna yale ambayo anakiri hawezi kuyasema. Baharia aliyesimama sitahani aliweza kuapa kwamba mifuko ilipandishwa chomboni, kwamba ilitiwa mahali fulani, na kwamba nahodha alikuwa na ufunguo. Hakuweza kuapa ni nani mwenye mfuko. Mwenye mfuko hakuwa mtu wa kuonekana. Alikuwa jina katika kitabu cha hesabu katika mji ambao huenda baharia hakuwahi kufika. Pale shahidi wa chini anapoanza kutaja kwa ufasaha majina ya wenye mali, msomaji ana sababu ya kujiuliza ni nani aliyemfundisha.

Mahakama nayo ilijiuliza. Ndiyo sababu maswali ya upande wa pili hayakuhusu fedha tu, bali yalimhusu mtu mwenyewe. Mashahidi wa mahakama hizi waliulizwa: Una mali kiasi gani baada ya kulipa madeni yako? Ni nani aliyekuita kutoa ushahidi, na umeahidiwa nini? Kama ungekuwa na uwezo, ungempa nani ushindi? Swali hili la mwisho lilijibiwa kwa namna inayokaribia kuwa kibwagizo: shahidi hutaka mwenye haki ndiye ashinde. Katika kesi za ngawira, nahodha aliulizwa amekaa wapi, mkewe na watoto wanaishi mji gani, ni raia wa nani, na kama karatasi zozote zilitupwa baharini chombo kilipofuatwa. Suala la mke si udaku. Mtu aliweza kununua uraia wa Hamburg kwa karatasi, huku chungu chake kikiendelea kuchemka Amsterdam.

Haiwezekani kuizungumzia kesi hii bila kumtaja Thomas Violet, mfua dhahabu wa London aliyekuwa amewahi kuwasaka watoroshaji wa dhahabu na fedha kwa niaba ya mfalme, baada ya yeye mwenyewe kuifanya kazi hiyohiyo ya utoroshaji. Violet aliweka pingamizi mahakamani ili fedha isirudishwe kwa waliodai, kisha akachapisha maelezo yake kuhusu kesi hiyo akijigamba kwamba ni yeye aliyeliokolea taifa hazina. Alitaka thawabu. Maandishi yake yana hamasa na yanasomeka kwa urahisi kuliko kauli kavu za mabaharia, na hapo ndipo pana hatari: yeye anasema kwa nafsi ya kwanza, hakuna karani wa kumuuliza aliona au alisikia.

Fedha haikusubiri mabishano yaishe. Ilihamishiwa katika Mnara wa London, kiwanda cha sarafu kilipokuwa, ikayeyushwa na kupigwa chapa upya huku balozi wa Hispania akilalamika. Sarafu za jamhuri hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza badala ya Kilatini cha wafalme, na mabaharia waliopigana na Waholanzi wakalipwa. Vita viliisha kwa mkataba wa Aprili 1654. Ndani ya sarafu hizo hapakuwa tena na mfuko wa huyu na mkuo wa yule.

Kauli za mashahidi wa mahakama hiyo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Chini ya nyingi kati yake pana sahihi. Kwa wale wasiojua kuandika, pana alama tu, iliyochorwa kwa mkono ambao haukuzoea kalamu, na pembeni yake karani ameandika jina la mwenyewe.