Pumzi Ikichungwa Sana, Moyo Hushtuka

Jioni ya Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona nchini Kenya, maelfu ya wakazi wa Likoni na Pwani Kusini walikuwa wamebanana kwenye kivuko cha feri upande wa kisiwa cha Mombasa, kila mmoja akitaka kuvuka kabla ya saa moja usiku. Polisi wakawafyatulia vitoa machozi. Watu walikohoa na kuangukiana, macho yakiwawasha na vifua vikiwabana, wakati uleule ambao redio zilikuwa zikitangaza kutwa kwamba ugonjwa mpya hushambulia mapafu.

Miezi iliyofuata, kupumua kukawa kitu cha kuchungwa. Mtu ambaye hakuwahi kuyawazia mapafu yake alijikuta kitandani usiku akisikiliza kama hewa inaingia yote. Aliyejiweza alinunua oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyevumbua mbinu yake katika miaka ya 1970, na alifariki Aprili 18, 2020, wakati dunia nzima ikikigombania kifaa hicho. Kibanio hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hupima damu imefyonza kiasi gani cha kila mmoja. Kina kasoro inayotuhusu sana: utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu ya ilivyokuwa kwa wazungu. Namba yake husaidia, ila si hukumu ya mwisho.

Korona ilipopoa, hofu hiyo haikumtoka kila mtu. Wapo ambao pumzi imekuwa kazi yao ya kutwa: wanaipima, wanaivuta kwa nguvu, wanaichunguza tena. Baada ya muda moyo nao unaanza kwenda mbio, na mtu anaamini kabisa kwamba ana ugonjwa wa moyo.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na karibu zote hupita bila yeye kujua. Kazi hiyo huendeshwa na shina la ubongo, mahali ambapo mwaka 1991 watafiti waliokuwa na Jack Feldman walitambua kundi dogo la seli linalotoa mdundo wa pumzi. Hatuwezi kuuamuru moyo upige au usimame, lakini pumzi tunaweza kuiongoza wenyewe tukitaka. Mlango huo mmoja ulioachwa wazi ndio hofu hupitia.

Mwaka 1905, John Scott Haldane na mwenzake Priestley walionyesha kwamba kinachotufanya tupumue, kwa kawaida, ni kiasi cha hewa ya ukaa mwilini kuliko upungufu wa oksijeni. Mtu mwenye afya akiwa ametulia, damu yake huwa tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Akihema kwa nguvu, oksijeni haiongezeki kwa maana yoyote. Kinachotoka kwa wingi ni hewa ya ukaa. Ikipungua mno, damu hupoteza uwiano wake wa asidi na mishipa ya ubongo hujibana, kichwa kikawa chepesi. Kalsiamu inayotumiwa na neva nayo hupungua: vidole na midomo huchomachoma na kufa ganzi, na pengine mikono hukakamaa. Kifua hubana. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyejaa hewa huhisi amekosa hewa, naye huongeza kuvuta.

Mwanasaikolojia Mwingereza David Clark aliueleza mzunguko huo mwaka 1986: mtu anahisi badiliko dogo mwilini, analitafsiri kuwa ni kifo, hofu inaamsha homoni ya adrenalini, adrenalini inakimbiza moyo, na moyo unaokimbia unakuwa ushahidi mpya wa kifo. Mtu hasemi uongo wala hajitakii. Maumivu ni ya kweli, na mapigo anayoyasikia yapo.

Tazama mteremko wa Likoni feri inapokaribia kuondoka. Mtu anakimbia na mzigo begani, anahema, moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika, na akishapanda anacheka na aliyesimama kando yake. Mtu huyohuyo, usiku, ameketi kimya chumbani, moyo ukipanda hadi 100 anaita majirani. Kivukoni alijua kwa nini moyo unakimbia, chumbani hajui.

Madaktari wamelijua tatizo hili kwa miaka zaidi ya 150. Mwaka 1871 Jacob Mendes Da Costa wa Philadelphia aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamikia moyo kudunda, maumivu ya kifua na kukatika pumzi, ilhali wengi wao hawakukutwa na kasoro ya moyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta wengine kama hao.

Je, kuichunga pumzi kunauharibu moyo wenyewe? Kwa moyo mzima, shambulio la hofu linatisha kuliko linavyodhuru. Ila kuna tahadhari. Kuhema kupita kiasi kunaweza kubadilisha picha ya kipimo cha umeme wa moyo (ECG), na kwa wachache ambao mishipa yao ya moyo ina tabia ya kujikaza ghafla, kunaweza kuamsha mkazo huo. Hofu ya miaka nayo huiba usingizi na humfanya mtu aache kutembea na kufanya mazoezi, mambo ambayo moyo unayahitaji.

Lipo pia jambo la kawaida linalowatisha wanaojishika mkono kupima mapigo. Ukivuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa, hupunguza. Mjerumani Carl Ludwig alilirekodi hilo mwaka 1847. Kwa kijana, mapigo yanayoyumba hivyo na pumzi ni dalili ya neva zinazofanya kazi vizuri.

Ndiyo maana pumzi ya taratibu hutuliza. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliripoti kwamba watu 23 waliosali rozari au kukariri mantra (maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa) walijikuta wakipumua kama mara sita kwa dakika, na mwili wao ukarekebisha presha ya damu kwa wepesi zaidi. Hakuna aliyehitaji kuhesabu, kwa kuwa akili ilikuwa kwenye maneno. Anayeifanya pumzi ya taratibu kuwa mtihani wa kufaulu au kufeli hurudi kulekule alikotoka.

Hata hivyo, hakuna anayepaswa kujiambia kwamba ni wasiwasi tu kabla ya kupimwa. Pumu, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na ugonjwa halisi wa moyo huweza kuanza kwa dalili hizohizo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu. Maumivu yanayokuja ukifanya kazi nzito, yanayosambaa hadi taya au mkono, jasho jembamba, kuzimia, miguu kuvimba au kushindwa kulala chali: hayo ni ya hospitali mara moja. Na mtindo wa kupumulia kwenye mfuko wa karatasi uachwe. Mwaka 1989 daktari Michael Callaham wa California aliripoti vifo vya watu waliopumulia mfuko kwa kudhaniwa wana wasiwasi kumbe mwili ulikuwa na ugonjwa halisi.

Vipimo vikiwa safi, tiba ipo. Mbele ya mhudumu, mgonjwa hupumua haraka kwa makusudi kwa dakika moja hivi, anahisi vidole vikichoma na moyo ukidunda, kisha anakaa na kuona vyote vikitulia bila yeye kufanya lolote. Akirudia mara kadhaa, dalili hubaki dalili. Pa kuanzia papo: Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili, na tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanazunguka mitaani na mashine za kupimia presha. Tiba hii haihitaji chombo cha bei ghali. Inahitaji mhudumu aliyefundishwa na chumba chenye faragha, na zahanati za Likoni na Kisauni zinastahili kupewa vyote viwili.