“Tusubiri Kwanza Matokeo”: Kweli na Uongo Kuhusu Kumwandalia Mtoto Njia ya Chuo Kikuu

“Habari za chuo tutaziona matokeo ya kidato cha sita yakitoka.”

Uongo, na kwa maoni yangu huu ndio unaowaumiza watoto wengi kuliko mwingine wowote. Matokeo hutoka mwezi Julai, na dirisha la kuomba vyuo hufunguliwa siku hizo hizo. Kilichobaki hapo ni kuchagua ndani ya mipaka iliyokwisha kuwekwa zamani. Iliwekwa mtoto alipoingia kidato cha tatu, akaacha Fizikia na Kemia kwa sababu marafiki zake waliziacha, au kwa sababu shule haikuwa na mwalimu. Aliyeziacha hasomi tahasusi ya PCB wala PCM, na bila Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, mlango wa udaktari wa binadamu moja kwa moja kutoka shuleni umefungwa.

Halafu inakuja selform, ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huijaza kabla hata ya mtihani. Humo ndimo anamochagua tahasusi, na tangu mwaka 2024 orodha imepanuliwa hadi tahasusi 65. TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadilisha machaguo matokeo yakishatoka, lakini kwa muda maalumu, na familia nyingi husikia habari muda umekwisha. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uko wazi kwenye tovuti yao, na unaonyesha kila kozi ya kila chuo inataka masomo gani. Kaa na mwanao mkiwa na mwongozo huo akiwa kidato cha pili, muusome kuanzia kozi anayoitamani kurudi nyuma hadi kwenye masomo ya sasa.

“Division ndiyo inayompeleka mtu chuo.”

Si kweli, na hapa hata walimu wengine huchanganya. Baraza la Mitihani, NECTA, na TCU wanahesabu pointi kwa namna mbili zinazopingana. Kwa NECTA, A ni pointi 1 na F ni 7, kwa hiyo pointi chache ndizo nzuri. TCU wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huko pointi nyingi ndizo nzuri, na kiwango cha chini cha kuomba shahada ni ufaulu wa principal, yaani A hadi E, katika masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.

Chukua wanafunzi wawili wa tahasusi ya HGL. Wa kwanza ana C ya Historia, C ya Jiografia na F ya Kiingereza. Kwa NECTA ana pointi 13, Division III, na nyumbani watu wamenuna. Wa pili ana E tatu, pointi 15, naye ni Division III. Kwenye karatasi ya matokeo wanaonekana wako sawa. Mbele ya TCU, wa kwanza ana pointi 6 kwa masomo mawili na anaruhusiwa kuomba. Wa pili, kwa masomo yake mawili, ana 2 tu, hajafika. Kwa hiyo mzazi asimvunje moyo mtoto kwa sababu ya neno division kabla hajazitazama alama zenyewe, somo kwa somo. Kozi nyingine hupanda juu ya kiwango hicho cha chini, na nyingine hutaja masomo kwa majina.

“Bila kidato cha sita hakuna digrii.”

Uongo. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusoma stashahada kwenye chuo kilichosajiliwa na NACTVET, na akipata GPA isiyopungua 3.0 akaomba shahada inayoendana na alichosoma. Kwa mtoto anayependa kazi ya mikono kuliko kukariri, hii si njia ya walioshindwa.

“Maombi yanapelekwa TCU.”

Yalikuwa yakipelekwa huko. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji huomba moja kwa moja kwenye chuo chenyewe. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Kwa hiyo namba ya simu anayoijaza iwe yake, si ya mtu wa stationery aliyemsaidia kujaza.

“Mkopo ni deni.”

Kweli kabisa. Mtoto aliyesoma chuo kwa mkopo akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa hadi deni liishe. Aambiwe mapema, kabla hajaanza kuota bumu.

“Akishapata chuo, mkopo unakuja wenyewe.”

Uongo. Bodi ya Mikopo, HESLB, ina maombi yake, dirisha lake na karatasi zake. Fomu hutaka saini na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, saini ya wakili au hakimu, na mdhamini mwenye kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa aliyezaliwa Visiwani. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, na kwa baba aliyefariki miaka kumi iliyopita bila kifo kusajiliwa, kazi hiyo haimaliziki kwa wiki moja. Ianze mtoto akiwa bado shuleni.

“Herufi moja ikipishana kwenye jina haina shida.”

Ina shida kubwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Hamisi, shuleni ameandikishwa Mwanahidi Khamis, na mwenyewe anajua ni mtu mmoja. Mfumo haujui. Mtoto akishamaliza, dawa ni kiapo cha kisheria, gharama na safari za ofisini huku dirisha linakaribia kufungwa. Akiwa bado hajafanya mtihani wa kidato cha nne, mara nyingi shule yenyewe inaweza kuomba jina lirekebishwe kwenye usajili. Toa cheti chake cha kuzaliwa, nenda nacho kwa mwalimu wa taaluma, na mlinganishe herufi kwa herufi na jina lililosajiliwa NECTA. Kama cheti hakipo kabisa, safari ya kwanza ni ofisi ya RITA ya wilaya.